Daftari la Mkono wa Kushoto

Mumewe alizikwa Jumatatu, na Ijumaa yeye alikuwa kazini. Hakuna aliyemwita. Msimamizi wa chumba cha dobi, bwana mmoja mpole mwenye kipara, alimshika bega na kumwambia, "Mama, pumzika hata wiki mbili, shuka hazitakimbia." Akajibu kwamba nyumbani hakuna cha kufanya. Akafunga aproni, akawasha pasi.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga pasi katika hoteli ile, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha ambamo mvuke ulizitoa kuta jasho. Shuka, vitambaa vya meza, mashati ya wahudumu. Mikono yake iliijua kazi hata ilikuwa haimhitaji tena. Ilikunja, ilinyoosha, ilipanga, na yeye akawa huko alikokuwa, ambako hata yeye hakukujua.

Watu wakamsifu. Walisema amejikaza. Ukweli ni kwamba hakujikaza, maana hakukuwa na kitu cha kukaza. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiuchoma sindano si wako.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimrudia, nacho kilimrudia bila uchungu, kama nambari ya simu ya zamani. Siku ile alipompeleka mumewe hospitali, akiwa anahema na midomo imegeuka rangi, daktari alimuuliza maswali matatu. Alikuwa daktari kijana, msichana wa rika la mpwa wake, na aliuliza haraka huku akiandika.

"Miguu ilianza kuvimba lini?"

"Sijui."

"Akipanda ngazi anapumzika njiani?"

"Sijui."

"Usiku analalia mito mingapi?"

Nalo hilo hakulijua. Alikuwa amelala ubavuni pa mtu yule miaka kumi na tisa. Mumewe, fundi wa majokofu, akaishi siku mbili zaidi, moyo ukachoka. Baada ya mazishi, akitandika kitanda, dobi huyu akakuta upande wa marehemu mito mitatu. Wa tatu ulikuwa wa sebuleni. Foronya yake alikuwa akiibadilisha yeye mwenyewe, kila wiki, kwa miezi sijui mingapi.

Basi, siku zikapita.

Aliyekuja kumtikisa alikuwa mdogo wake, msusi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alivamia nyumbani Jumapili moja mchana akiwa amefura.

"Dada, jana nimekuita mara tatu barabarani! Mara tatu! Umenipita kama nguzo ya umeme."

"Sikukuona."

"Hukuniona? Mimi?" Akajionyesha kwa mikono miwili, maana mwili wake haukuwa wa kupitwa hivihivi. "Hapana, hii sasa siyo huzuni, huu ni ugonjwa. Jumamosi tunakwenda karate."

"Karate ya nini, mdogo wangu?"

"Ya kupunguza tumbo. Nimeshatuandikisha sote wawili, usinitie aibu."

Hakubisha. Kubisha kunataka nguvu. Jumamosi saa tatu asubuhi wakapanda ngazi za ghala moja la zamani lililokuwa juu ya duka la matairi, wakaingia kwenye ukumbi wa sakafu ya mbao wenye ubao mmoja wa kuandikia na madirisha marefu. Walikuwa watu kumi na wawili, wengi wao watu wazima: dereva wa lori mwenye shingo fupi, kinyozi mmoja mwembamba asiyenyamaza, wauguzi wawili, na wengine.

Mwalimu alikuwa amekaribia miaka sitini, mfupi, mkavu, miguu peku. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kuchora mabango: majina ya maduka, maandishi ya milango ya magari, mishale ya kuonyesha choo kiko wapi. Alikuwa mtu wa mashoto, na mji mzima ulimwita Rula, kwa kuwa aliweza kuvuta mstari ulionyooka ukutani toka pembe hadi pembe bila kushika rula. Hata mkewe, walisema, alimwita hivyo.

Kabla hawajanyoosha hata mguu, akagawa madaftari na penseli.

"Mwalimu, samahani," akasema dereva wa lori. "Mimi nilidhani nimekuja kupigana."

"Utapigana. Lakini kwanza umwone anayekuja kukupiga. Wengi hupigwa na mtu wasiyemwona, na yuko mbele yao." Akasogea katikati ya ukumbi. "Huu ndio mwanzo wa kata."

"Tukate nini?" akauliza mdogo mtu.

"Usikate kitu, mama. Ndilo jina lake. Kata ni mfululizo wa hatua, kama shairi, ila unalisoma kwa mwili."

Akapiga hatua moja, mguu wa kushoto mbele, ngumi moja imenyooka, nyingine imebanwa kiunoni. Akakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi tano. Kisha akajiachia, akaketi chini.

"Chora. Andika tarehe pembeni, halafu chora."

Dobi akachora kijiti chenye kichwa. Rula akaja akachuchumaa kando yake.

"Kisigino cha nyuma kilikuwa chini au juu?"

"Sijui."

"Ngumi ya kiunoni ilitazama juu au ilitazama chini?"

"Sijui."

Neno lilimtoka kirahisi, lilikuwa limeshazoea njia. Rula akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa jibu zuri.

"Vizuri. Wenzako wote wamenidanganya."

Mdogo wake aliacha baada ya wiki ya pili. Alisema magoti yake hayakuumbwa kwa mambo ya kuruka, na kwamba tumbo nalo ni sehemu ya mtu. Dobi akaendelea peke yake. Si kwamba alipenda. Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, ilikuwa na saa nyingi, na pale saa mbili zilipungua.

Kila somo lilianza namna moja. Rula alisimama, wao walitazama, alijiachia, wao walichora. Kisha ndipo walifanya kwa mwili kile walichokichora, na kila aliyekosea kuchora alikosea kusimama vilevile. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyoyasema aliyarudia. "Usichore mkono," aliwaambia, "maana mkono unadhani unaujua. Chora ule uwazi ulio kati ya mkono na mbavu. Uwazi hujapata kuuzoea, kwa hiyo utautazama." Na wakipambana wawili wawili: "Usitazame ngumi. Ngumi ni barua, imeshatumwa. Tazama bega."

Dobi hakuweza mabega wala uwazi. Vichwa vyake vilikuwa viazi. Lakini mwezi wa pili Rula alisimama nyuma yake muda mrefu kuliko kawaida, halafu akalichukua daftari na kuwaonyesha wenzake.

"Tazameni nguo."

Mtu katika picha ile alikuwa kiazi juu ya vijiti. Nguo aliyovaa, hata hivyo, ilikuwa nguo. Mikunjo ya kwapani ilikuwa mahali pake, ile mitatu inayotoka begani na kukutana. Suruali ilikuwa imevutika nyuma ya goti na kulegea mbele. Ukiitazama suruali ungeweza kusema uzito wa mtu uko mguu gani.

"Umejifunza wapi?"

"Nimepiga pasi, Mwalimu. Mikunjo ndiyo kazi yangu."

"Basi tazama kwa kazi yako. Mbona ulikuwa unatazama kwa yangu?"

Siku hiyohiyo alipangwa na kinyozi, ambaye hupiga huku anasimulia habari. Dobi akaacha kumwangalia usoni na mikononi, akaangalia kitambaa cha bega lake la kulia. Kikatulia. Kikatulia. Kikavutika, mkunjo mmoja mwembamba kama uzi, naye akainua mkono kuziba kabla hajafikiri. Ngumi ya kinyozi ikagonga mfupa wa mkono wake, ikaishia hapo.

"Alaa! Umejuaje?"

"Shati lako limeniambia."

Watu wakacheka. Na yeye akajikuta ametoa meno, lakini ilikuwa kama anavyotoa meno mtu aliyepigwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, upande mmoja haujui upande wa pili unafanya nini. Alirudi nyumbani, akala amesimama karibu na jiko, akaosha sahani, akalala.

Miezi mitano ikaenda hivyo. Daftari likakaribia kujaa.

Jumapili moja alasiri alikaa mezani kutafuta ukurasa mweupe, akawa anafunua kurudi nyuma. Kila ukurasa ulikuwa na mtu yuleyule katika mkao uleule: Rula, hatua ya kwanza, mguu wa kushoto mbele. Picha ishirini. Akafunua haraka, kama watoto wanavyofunua vitabu vyenye picha ili zitembee, na akaona kitu kinatembea kweli.

Kilikuwa ndani ya kiwiko cha kushoto. Katika picha za mwanzo sehemu hiyo haikuwa na kitu. Mkono umenyooka, kitambaa kimenyooka. Kwenye picha ya tisa palikuwa na mstari mdogo. Ya kumi na tatu, mistari miwili. Kuanzia ya kumi na sita mkunjo ulikuwa umejikita hapo, mgumu, hata alipokuwa amenyoosha mkono. Yeye aliuchora kwa sababu aliuona, wala hakujiuliza.

Mkunjo wa namna hiyo aliujua. Mashati ya wahudumu wa hotelini huwa nao, upande wa mkono unaobeba sinia, na huwezi kuutoa kwa pasi mara moja. Ni mkunjo wa mkono unaokaa umekunjwa kutwa. Lakini Rula hakubeba sinia.

Jumamosi iliyofuata alimtazama Mwalimu hata kabla somo halijaanza. Rula alitembea kutoka mlangoni hadi ubaoni. Mkono wa kulia ulining'inia na kupunga, kama mikono ya watu. Wa kushoto ulibaki umeshikamana na ubavu, kiwiko kimekunjika kidogo, haukupunga. Alipokaa kuwangoja wachore, kidole gumba cha mkono huo kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, mfululizo, kama mtu anayeviringisha punje ya unga. Na alipoandika ubaoni, herufi zilianza kubwa na nzuri, zikaenda zinapungua, zikafika mwisho wa mstari zimekuwa sisimizi.

Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Nani amemuuliza? Mwenye mkono ni mtu mzima, ana mke, ana macho. Jumamosi ya pili alingoja wenzake wateremke ngazi.

"Mwalimu, mkono wako wa kushoto unaumwa."

Rula alikuwa anafuta ubao. "Hauniumi."

"Sikusema unakuuma. Nimesema unaumwa." Akamwekea daftari kwenye kizingiti cha dirisha, akamfunulia. Akamwonyesha kiwiko, ukurasa kwa ukurasa. Akamwambia kuhusu kutembea, kuhusu kidole gumba. Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya nguo.

Rula akacheka kwanza. "Kwa hiyo mimi ndiye nyani, sioni kundu langu?" Halafu hakucheka tena. "Mama, nimechora mji huu miaka thelathini na minane kwa mkono huu."

"Najua."

"Basi?"

"Herufi zako zinakuwa ndogo."

"Chaki ilikuwa fupi."

"Chukua ndefu."

Akachukua ndefu. Akaandika DUKA LA DAWA, maneno ambayo bila shaka aliwahi kuyaandika mara mia. D ilisimama kama mlango. A ya mwisho ingeingia ndani ya tumbo la hiyo D. Akayatazama. Akaandika tena chini yake, safari hii taratibu, amekaza taya, na dobi akaona mishipa ya shingo. Yakatoka vilevile.

Akayafuta kwa mkono wa nguo.

"Darasa limekwisha. Nenda nyumbani."

Jumamosi iliyofuata walikuta mlango umefungwa. Wakasimama kwenye ngazi, kinyozi akitoa nadharia zake, dereva wa lori akijaribu kitasa kila dakika kana kwamba kingebadili nia. Jumamosi ya pili vilevile. Dobi hakuwaambia kitu. Alijiuliza kama anajuta, akakuta hajui kujuta kunaanzia wapi.

Jumatano, saa nane mchana, akavua aproni. Msimamizi akainua macho, maana katika miaka kumi na mmoja hajawahi kumwona akiondoka kabla ya saa kumi.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna mtu nataka kumwona."

Nyumba alielekezwa na muuza rangi mmoja mjini. Mlango ulifunguliwa na mke wa Rula, mwanamke mnene aliyepikia shule moja hadi alipostaafu, mwiko bado mkononi.

"Wewe ndiye dobi," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba, ingia. Tangu siku ile mume wangu hasemi. Anakaa uani ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameukalia. Ameukalia, unanielewa? Kama mtoto aliyeiba sukari." Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana. "Hebu nionyeshe hilo daftari."

Dobi akafunua. Yule mama akatazama picha zote ishirini na mbili, akilamba kidole kila alipogeuza ukurasa. Mwishoni akaweka kiganja juu ya meza.

"Nafua nguo zake mimi. Namlisha mimi. Nalala naye. Mimi sikuona."

"Mimi pia sikuona."

"Si umeona? Umechora kabisa."

"Wangu," akasema dobi. "Mume wangu. Miguu ilimvimba, sikuona. Alilalia mito mitatu, na foronya ya mto wa tatu nafua mimi. Daktari aliponiuliza nilisema sijui. Mara tatu." Alikuwa hajamwambia mtu, hata mdogo wake. Sauti yake ilitoka kavu, bila kupanda wala kushuka. "Ndiyo maana nimekuja. Nimeona hiki, sitaki kukaa nacho."

Mke wa Rula hakumpa pole. Aligeuza kichwa kuelekea uani na kupaza sauti.

"Rula! Mficha maradhi, kifo humuumbua! Kesho tunakwenda hospitali, na daftari hili linakwenda na sisi. Ukitaka kukaa juu ya mkono wako, utaukalia kwenye foleni!"

Kutoka uani ikasikika sauti ya kikombe kikiwekwa chini.

Walikwenda, wakatumwa kwa daktari mwingine, wakaambiwa warudi. Siku ya nane mke wa Rula akaja mwenyewe hotelini, mlango wa nyuma, akaomba aitiwe dobi wa pasi. Akamsimulia hapo nje, kati ya mapipa. Ni ugonjwa wa ubongo, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Hauponi. Lakini kuna vidonge, na mtu anaweza kufanya navyo miaka mingi akiwa anajimudu, hasa akianza mapema. Daktari alikuwa ameuliza ulianza lini. Rula akasema hajui. Yeye mke akasema hajui. Ndipo likatolewa daftari, lenye tarehe pembeni mwa kila picha, na daktari akavua miwani, akaivaa tena, akamwita mwenzake chumba cha pili aje aone.

"Akauliza, nani amechora hivi? Rula akamwambia: mwanafunzi wangu."

Dobi alisikiliza akiwa ameshika kitambaa chenye unyevu. Alingoja kitu kifunguke kifuani. Alidhani kingefunguka, kwa haki. Akaona kinywa chake kinauliza kama daftari litarudishwa, maana lilikuwa limebaki na kurasa tatu. Yule mama akamvuta akamkumbatia, naye akasimama ndani ya mikono ile ameganda kama ubao wa pasi.

Akarudi ndani. Akapiga pasi vitambaa vya meza kumi na vitatu. Cha kumi na nne akakiacha nusu, akakaa juu ya tenga la nguo. Hakulia. Alikaa tu, pasi ikipumua pembeni. Msimamizi akaja na glasi ya maji.

"Mama, unaumwa?"

"Sijui," akasema. Akanywa. Akafikiri. "Hapana. Nimechoka. Nimechoka sana."

"Basi leo nenda nyumbani."

Akaenda. Akalala mchana mchana hadi asubuhi.

Mwezi uliofuata ukumbi ulifunguliwa. Rula alikuja na kigoda, akakiweka mbele ya ubao, akawaambia mwenyewe, kwa maneno machache, kwamba mkono wa kushoto umeanza mgomo na huenda siku moja mguu nao ukajiunga na chama. Watu wakatazama chini.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akasema dereva wa lori, akikohoa, "sasa tunaweza kukupiga?"

"Njoo ujaribu."

Dereva akaenda kwa heshima, akarusha ngumi ya bandia. Rula hakuinuka. Akaishika nguo ya begani kwa mkono wa kulia, akageuza kiuno, na dereva na shingo yake fupi wakajikuta wanatazama dari. Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta.

"Haya, madaftari," akasema Rula. "Mnichore nilivyo. Atakayeninyoosha mkono kwa huruma, namfukuza."

Wakamchora alivyo. Dobi akaanza daftari jipya, na daktari aliomba aletewe kila baada ya miezi mitatu. Ilikuwa kazi, na aliifanya kama kazi. Wakati fulani, katikati ya kazi hiyo, alijaribu kumchora mumewe kwa kumbukumbu. Uso haukuja. Pua ilikuwa pua ya mtu yeyote. Akaamua kuchora viatu, vile vyeusi vya kazini alivyoviacha kila jioni kando ya mlango. Alipofika kwenye kamba mkono ukasita, kwa kuwa alizikumbuka: zilikuwa zimelegezwa hadi tundu la mwisho, ulimi wa kiatu umetoka nje. Kwa hiyo jicho liliona. Liliona kila jioni. Lilipeleka habari, ila hakukuwa na mtu mlangoni wa kuipokea.

Akaweka penseli. Mahali fulani chini ya mbavu palimchoma, padogo, kama makaa ya pasi za zamani yanapodondokea mguuni. Alikaa palepale hadi pakapoa. Halikuwa jambo zuri, na hakutamani lirudi upesi. Lakini alijua lilikuwa upande gani, na lilidumu muda gani, na hayo akamwambia mdogo wake kwa simu, na mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaongea kwa sauti ya chini.

Kinyozi ndiye aliyeleta habari ya bango. Alikuwa amehamia kibanda kikubwa zaidi, akataka jina juu ya mlango, na hakutaka mtu mwingine ila Rula.

"Kuchora naweza," akasema Rula, "mistari ya chaki. Kujaza rangi siwezi tena, mkono ukitetemeka inamwagika." Akamgeukia dobi. "Wewe. Nyoosha mkono."

Akaunyoosha. Ukakaa hewani bila kutikisika, mkono wa miaka kumi na mmoja ya pasi nzito.

"Jumapili, saa mbili. Njoo na nguo mbaya."

Alikuja na nguo mbaya. Rula alikwishavuta chaki, mara nne, akifuta na kurudia hadi herufi zikakubali kulingana. Dobi akapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu na brashi pana. Ilikuwa tofauti na pasi. Pasi unaisukuma, brashi inataka kuvutwa, na ukiivuta haraka inaacha michirizi. Rula alikaa chini kwenye kigoda, mkono wa kushoto mapajani ukiviringisha punje yake, akipiga kelele.

"Taratibu! Pembeni kwanza, katikati baadaye! Usiifuate chaki yote, pale imekosea!"

"Wewe ndiye uliyeichora."

"Ndiyo nakwambia imekosea!"

Kinyozi alitoka mara tatu na mteja mwenye nusu ndevu, ili amwonyeshe kazi inavyokwenda. Watu walipita, wengine wakasimama kusoma. Kufikia saa sita neno zima lilikuwa limesimama juu ya mlango, KINYOZI, jekundu, likimeremeta kwa ubichi.

"Shuka," akasema Rula. "Vuka barabara, kalitazame kutoka ng'ambo. Hapa chini ya ngazi huoni kitu."

Akashuka. Shingo ilimuuma, vidole vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Akangoja gari lipite, akavuka, akageuka. Akatazama muda mrefu.

"Vipi?" Rula akapaza sauti.

"Y imelala!"

"Upande gani?"

"Wa kulia! Kidogo!"

"Kiasi gani?"

Akafumba jicho moja, akainua kidole gumba mbele yake, akapima.

"Upana wa brashi moja! Hata haufiki!"

Rula akasimama kutoka kwenye kigoda, akaegemea ukuta, akatazama juu ingawa kutoka pale hakuweza kuona. Kisha akaichukua chaki.

"Haya, njoo tuinyanyue."

Dobi akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka kurudi.